Uso mmoja, kamera kumi

Wazazi wenye vijana huko bara, Matasia, kati ya Ngong na Kiserian, wasishangae wakiombwa mchango wa kujifunza kupiga picha za watu. Vijana huchanga, wakamwalika mtu mmoja akae mbele yao, kisha kila mmoja humpiga kwa zamu.

Ilimu yenyewe ni ya kweli. Jua la saa sita huyazika macho kivulini, basi hujifunza kumsogeza anayepigwa chini ya mti. Buibui jeusi nalo huihadaa kamera: hudhani kuna giza, ikaongeza mwanga, na uso ukapauka, mwanafunzi hana budi kuupunguza kwa mkono wake.

Marehemu Omar Said Bakor wa Lamu alijifundisha mwenyewe ufundi huu. Lakini zama za studio, mwenye sura alimjua aliyebaki na filamu yake. Katika kundi, uso mmoja huondoka ndani ya kamera kumi. Binti aliyekubali kupigwa hajakubali kutundikwa mtandaoni, sembuse kutangazia sabuni! Sheria ya Kenya ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 humruhusu mtu kuiondoa idhini aliyoitoa, na kwa mtoto hutaka idhini ya mzazi au mlezi.

Basi kabla kamera hazijafunguliwa, na iandikwe: nani atazihifadhi picha, zitaonyeshwa wapi, na akitaka zifutwe amwendee nani. Nami naongeza: binti asiende peke yake, na asiondoke kabla ya kuziona zote.