Uchovu wa Kazi kwa Wahudumu wa Afya na Wakufunzi: Mambo ambayo Mwananchi Anapaswa Kuyafahamu

Mama mjamzito anayefikishwa zahanati usiku wa manane huwaza jambo moja tu: mlango ufunguliwe na pawepo mtu mwenye ujuzi. Ni nadra kwake kufikiri kwamba muuguzi anayempokea huenda amepima watoto kliniki tangu asubuhi, akatoa dawa mchana na kujaza vitabu vya taarifa hadi jioni. Katika kituo cha kijijini chenye watumishi wachache, zamu ya mchana na ya usiku zaweza kumwangukia mtu yule yule. Hali hiyo ikidumu kwa miezi, anayedhurika si mtumishi peke yake, bali pia mama huyo na mtoto wake. Kwa sababu hiyo, uchovu wa watumishi ni jambo linalowahusu wakazi wa Kata ya Mvumi kama linavyowahusu watumishi wenyewe.

Uchovu wa kazi uliokithiri ni tofauti na uchovu wa kawaida unaoisha kwa usingizi wa usiku mmoja. Mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani lilieleza kuwa hali hii si ugonjwa, bali ni matokeo ya shinikizo la muda mrefu kazini ambalo halikushughulikiwa ipasavyo. Dalili zake ni tatu. Kwanza, mtu huishiwa nguvu za mwili na akili. Pili, moyo wake hujitenga na kazi, akaanza kuwaona wagonjwa au wanafunzi kama usumbufu. Tatu, hupoteza imani kwamba kazi anayoifanya ina manufaa yoyote.

Dalili ya pili ndiyo ambayo mwananchi huiona mapema zaidi: jibu la mkato, uso uliokunjwa, mgonjwa kutosikilizwa hadi mwisho. Wengi hulitafsiri jambo hilo kuwa ni kiburi, na wakati mwingine huwa hivyo. Mara nyingine, hata hivyo, ni ishara ya mtu aliyelemewa. Wahenga walisema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi.

Utafiti uliofanywa katika Hospitali ya Taifa Muhimbili na kuchapishwa mwaka 2008 ulibaini kuwa takribani nusu ya madaktari na wauguzi waliohojiwa hawakuridhika na kazi zao. Mishahara midogo ilitajwa, lakini haikuwa sababu pekee. Walitaja pia ukosefu wa vifaa wa mara kwa mara, tathmini duni ya utendaji na mawasiliano hafifu kati ya uongozi na watumishi. Kwa maneno mengine, mtumishi huchoshwa na wingi wa kazi, na huchoshwa zaidi anapoijua tiba lakini hana kifaa cha kuitolea, au anapofanya vizuri bila mtu yeyote kutambua.

Wakufunzi wa vyuo nao wamo katika hatari hiyo. Wilaya ya Kilosa ina Chuo cha Ualimu Ilonga pamoja na chuo cha kuandaa matabibu mjini Kilosa. Kazi ya mkufunzi haiishii darasani: huandaa masomo, husahihisha mitihani, hufuatilia wanafunzi wanapokuwa kwenye mafunzo kwa vitendo na husikiliza shida zao. Mkufunzi aliyechoka hufundisha ili kipindi kiishe, na upungufu wake huonekana miaka michache baadaye katika shule na zahanati ambako wanafunzi wake wamepangiwa kazi.

Sheria imeweka kinga. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inataja saa 45 za kawaida kwa wiki, mapumziko ya angalau saa 24 mfululizo kila wiki na likizo ya mwaka ya siku 28. Mapumziko ni haki, wala si fadhila ya msimamizi. Ugumu hutokea pale ambapo mtumishi akienda likizo hapana wa kushika nafasi yake.

Ni vema pia mwananchi ajue nani anahusika na nini. Zahanati na vituo vya afya vya Serikali katika kata husimamiwa na Halmashauri. Vyuo vya ualimu vya Serikali viko chini ya wizara yenye dhamana ya elimu, na vyuo vya afya vya Serikali viko chini ya wizara yenye dhamana ya afya. Ajira mpya hutegemea vibali vya Serikali Kuu.

Hata hivyo, yapo yaliyo ndani ya uwezo wa wananchi. Kila kituo cha afya cha umma kinapaswa kuwa na kamati ya usimamizi yenye wawakilishi wa jamii. Kamati hiyo inaweza kuhoji ratiba ya zamu, hali ya nyumba ya mtumishi, upatikanaji wa maji na taa, na usalama wa anayefanya kazi usiku. Mambo hayo yaweza kuingizwa katika mpango wa kituo au kupelekwa kwenye Kamati ya Maendeleo ya Kata. Mwananchi naye apunguze mzigo usio wa lazima: ahudhurie kliniki siku iliyopangwa, aje na kadi yake, na asisubiri usiku kwa tatizo alilokuwa nalo tangu asubuhi.

Pamoja na hayo, uchovu hauhalalishi matusi, uzembe wala kudai rushwa. Aliyetendewa hivyo atoe taarifa kwa Mganga Mfawidhi, kwa kamati ya kituo au kwa Mtendaji wa Kata. Taarifa hiyo ieleze tukio, siku na saa, na pia idadi ya watumishi waliokuwapo zamu. Maelezo hayo ya mwisho huwasaidia viongozi kutambua kama tatizo ni tabia ya mtu mmoja au ni upungufu wa watumishi, kwa kuwa kila moja lina ufumbuzi wake.