Kupanda Milima ya Manga si Kazi, Kazi ni Kuteremka

Ukiwa na mzigo wa majani chai mgongoni, au unawahi matatu mjini Keroka, huku kwetu Gusii, mvua ikiwa imetoka kunyesha, mlima hukumaliza pumzi tu. Mteremko ndio humtegua mtu.

Sababu iko ndani ya kifundo cha mguu. Mfupa wa muundi na mwenzake mwembamba wa upande wa nje, fibula, huubana kama koleo mfupa mfupi uitwao talasi. Hakuna msuli hata mmoja ulioshikamana na mfupa huo. Kano ndizo huufunga kwa majirani zake. Tena mfupa huo ni mpana mbele, mwembamba nyuma. Ukipanda, vidole huinuka, sehemu pana ikaingia na kujibana, kifundo kikatulia. Ukitanguliza mguu chini ya mteremko, sehemu nyembamba ndiyo hubaki katikati na kiungo hulegea. Hapo kijiwe tu chatosha.

Na wayo karibu kila mara hugeukia ndani. Fibula hushuka chini kuliko muundi, hivyo huuzuia kugeukia nje, na kano ya upande wa ndani ni nene. Upande wa nje una kano tatu dhaifu zaidi. Ya mbele ndiyo huumia kwanza. Gambuti zetu, pana shingoni, hukinga matope lakini hazikishiki kifundo.

Na wapo waliokwenda bila kiatu kabisa: mwanariadha Nyandika Maiyoro, aliyesifika kwa kukimbia miguu mitupu, alitoka Gusii hii hii akamaliza wa 7 katika mita 5,000 kwenye Olimpiki ya Melbourne 1956, na wa 6 Rome 1960. Sidai kwamba kukosa viatu ndiko kulikompa kasi. Ila kuhusu viatu na umbo la wayo, utafiti wa India uliochapishwa 1992, wa watoto 2,300, ulikuta nyayo bapa kwa asilimia 8.6 ya waliovaa viatu, na asilimia 2.8 ya wasiovaa.

Ukiteguka, usikimbilie kukandwa siku hiyo hiyo, uvimbe huzidi. Funga bendeji, inua mguu, weka kitu baridi. Kisha tumia kipimo cha madaktari wa Ottawa, Kanada: ikiwa huwezi kupiga hatua nne, au mfupa unauma ukibonyezwa kwenye ukingo wa nyuma au ncha ya kifundo, upande wowote, nenda hospitali upigwe eksirei.