Pima Mguu wa Mtoto Kabla ya Kununua BMX

Mwezi huu sisi walimu wa kujitolea tunataka kuongea na nyinyi juu ya baiskeli. Wengine mnaiita kinga, wengine igare, na jirani zetu Wanyankole wanasema egaari. Kazi yake ni ile ile.

Kijana mmoja wa darasa letu la P5 alianza kuchechemea. Tulidhani ni mpira. Tulipomuuliza akasema: "Mwalimu, goti inaniuma nikipanda na kinga." Baiskeli yenyewe ni BMX ya inchi 20, mtumba, mjomba wake aliileta kutoka Mbarara. Mama yake aliuza maharage ya msimu mzima ili kuilipa. Tulipomwambia labda inamzidi mtoto, akajibu kama wazazi wengi: "Lakini atakua tu, mwalimu." Na kweli, kwa macho baiskeli haikuwa kubwa. Magurudumu madogo, kiti kiko chini. Kumbe ubaya ulikuwa mahali ambapo hata sisi hatukuwa tumeangalia: mkono wa pedeli.

Mkono wa pedeli ni nini?

Ni kile chuma kinachotoka kwenye ekseli ya katikati mpaka kwenye pedeli, kushoto na kulia. Urefu wake unapimwa kutoka katikati ya ekseli hadi katikati ya tundu la pedeli. Kwenye mikono mingi namba imegongwa upande wa nyuma, karibu na tundu: 140, 165, 170 au 175. Hizo ni milimita. 175 maana yake sentimita 17 na nusu.

BMX zilianza California, Marekani, miaka ya 1970, watoto wakiiga mashindano ya pikipiki. Mwaka 2008 mchezo huo uliingia Olimpiki. Watu wazima wanaoshindana hutumia magurudumu yale yale ya inchi 20, na mikono ya 175 hivi. Hapo ndipo tunapodanganyika. BMX mbili zinasimama pamoja, magurudumu sawa, lakini moja ni ya mtoto na nyingine ni ya mtu mzima.

Mkono mrefu unamfanyia nini mtoto? Kila mzunguko goti linapanda juu sana, linakunjwa kupita kiasi, na linabeba uzito likiwa limekunjwa. Akikata kona, pedeli ya chini inaweza kugonga ardhi, na kwenye njia zetu zenye mifereji ya mvua hiyo ni kuanguka. Mkono mfupi mno nao una shida yake: mlima unakuwa mzito.

Pima na kamba

Huhitaji mashine. Mtoto asimame ukutani bila viatu. Chukua kamba, pima upande wa ndani wa mguu, kutoka msamba hadi chini. Kata hapo. Sasa kunja kamba mara tano sawasawa. Kipande kimoja ndicho urefu wa mkono unaomfaa, na ukizidi kwa sentimita moja au moja na nusu si mbaya. Mguu wa sentimita 60 unataka mkono wa 12 mpaka 13 na nusu. Mguu wa sentimita 80 unataka 16 mpaka 17 na nusu. Ni makadirio, lakini yanazuia makosa makubwa.

Kijana wetu mguu wake ulikuwa 63. Mkono wa baiskeli yake ulikuwa 17 na nusu! Tukaelewa goti lile.

Kwa fundi

Fundi alikuwa na mkono wa 14 kutoka baiskeli nyingine iliyokufa. Lakini mwanzo kijana alilalamika: "Sasa mlima umekuwa muzito." Ni kweli. Ukitoka 17 na nusu kwenda 14, mguu unapaswa kukanyaga kwa nguvu robo zaidi. Fundi akabadilisha gia ya nyuma, akatoa ya meno 16 akaweka ya meno 20, akaongeza mnyororo kidogo. Uzito ukarudi kama zamani. Kwenye tambarare anazungusha miguu haraka zaidi, basi, lakini goti limepona.

Ukienda kwa fundi, hapa au Mbarara, kumbuka haya:

Kwanza, BMX nyingi za watoto mikono yote miwili ni chuma kimoja kilichopinda, kinapita katikati. Huwezi kubadilisha upande mmoja. Nyingine zina mikono inayoachana.

Pili, kama inaachana, pima yote miwili. Fundi mwenye haraka anaweza kukufungia 170 kulia na 165 kushoto. Kiuno kitalalamika.

Tatu, matundu ya pedeli hayalingani. Ile ya chuma kimoja kwa kawaida inataka pedeli za nusu inchi, nyingine zinataka kubwa kidogo. Nenda na pedeli zako.

Nne, pedeli ya kushoto inafungwa kinyume. Ukiilazimisha unaharibu nyuzi za tundu, na mkono mzima umekwisha.

Na wazazi, si kila goti linauma kwa sababu ya baiskeli. Kama limevimba, au maumivu hayaishi baada ya kupumzika, mpelekeni mtoto kituo cha afya.

Mama wa kijana alitaka kuuza ile baiskeli kwa hasara. Sasa hauzi tena, na mtoto anafika shuleni kabla ya kengele. Jumamosi asubuhi tutakuwa darasani na kamba na futi. Mleteni mtoto kabla ya kutoa pesa, si baada. Nguo unaweza kununua kubwa ukaikunja. Chuma hakikunjwi.

Tukutane mwezi ujao.