Marubani wa helikopta wa Vita vya Vietnam: kwa nini chama chao bado kipo?

Kila mwaka, wazee wa Kimarekani waliorusha helikopta katika Vita vya Vietnam hukutana katika jiji mojawapo la nchi yao. Chama chao, Vietnam Helicopter Pilots Association, kilianzishwa katika miaka ya 1980. Kwa nini watu waliomaliza vita zaidi ya miaka 50 iliyopita bado wanahitaji chama?

Vita vya helikopta

Vietnam ilikuwa na misitu, milima na mashamba ya mpunga yaliyojaa maji, na barabara zilivamiwa mara kwa mara. Helikopta ndiyo iliyopeleka askari, risasi na chakula, na ndiyo iliyorudisha majeruhi. Iliyotumika zaidi ni aina ya UH-1, maarufu kwa jina la Huey.

Gharama yake ilikuwa kubwa. Kati ya helikopta zipatazo 12,000 za Marekani zilizotumika huko, zaidi ya 5,000 ziliharibiwa. Marubani na wahudumu wao waliokufa wanakaribia 5,000. Ukuta wa kumbukumbu wa Washington una majina zaidi ya 58,000, hivyo karibu jina moja katika kila 12 ni la mtu wa helikopta.

Walipoteanaje?

Mara nyingi Jeshi la Marekani halikupeleka na kurudisha vikosi vizima kwa pamoja. Kwa kawaida askari alikwenda peke yake, akatumikia miezi 12, akarudi peke yake. Rubani angeweza kuondoka Jumatatu, na wenzake wakaendelea kuruka Jumanne bila yeye. Wengi walijuana kwa majina ya utani au ya redioni tu. Baada ya miaka kumi, utamtafuta vipi mtu usiyemjua jina la baba yake?

Kazi ya kwanza ya chama ikawa kutengeneza orodha: nani alikuwa kikosi gani, mwaka gani. Kisha wakakusanya historia ya helikopta yenyewe, kwa namba yake ya mkiani: iliangushwa wapi, na nani alikuwa ndani.

Uanachama ni wa marubani. Mafundi, wapiga bunduki wa mlangoni na wahudumu wengine wana chama chao, na vikosi vingi pia vina vyama vyake vidogo.

Orodha hiyo inasaidia nini?

Kwanza, familia. Mtoto aliyefiwa na baba akiwa mchanga anaweza kumpata mtu aliyeruka naye.

Pili, haki. Askari wa zamani anayedai fidia ya ugonjwa au jeraha la vita hutakiwa kuthibitisha madai yake. Nyaraka zikikosa tukio fulani, maelezo ya maandishi ya mwenzake aliyeshuhudia hupokewa kama ushahidi. Lakini shahidi lazima apatikane, tena akiwa hai.

Tatu, kumbukumbu. Marubani waliomba mnara katika makaburi ya kitaifa ya Arlington. Mwanzoni uongozi wa Jeshi ulikataa, ukisema nafasi ya kuzikia imebaki kidogo. Waliendelea kudai hadi Bungeni, na mnara ukazinduliwa Aprili 18, 2018.

Na wakiisha?

Chama cha namna hii hakipati wanachama vijana. Aliyekuwa na miaka 19 mwaka 1970 alizaliwa 1951, na huyo ni miongoni mwa wadogo. Kila mkutano kuna majina ya kusomwa ya waliofariki tangu mkutano uliopita.

Ndiyo maana sehemu ya kumbukumbu zao imewekwa katika hifadhi ya Vita vya Vietnam ya Texas Tech University, mjini Lubbock. Mjukuu atakayekuja na namba ya mkiani aliyoikuta nyuma ya picha ya babu yake atakuwa na pa kuanzia kuuliza. Swali ambalo karatasi haiwezi kulijibu, babu alikuwa mtu wa namna gani, anapaswa kuliuliza sasa.