Maji Yawakayo na Kihisi Kinachodanganywa

Katika kata ya Theta, baina ya Ruiru na Thika, ambako mashamba ya kahawa yanapungua na nyumba za wapangaji zinaongezeka, aghalabu mwenye gari huingia barabara kuu kabla ya jua kuchomoza na kurejea usiku, akiwa ameteketeza katika msongamano petroli ambayo bei yake hutangazwa upya tarehe 14 ya kila mwezi. Mtu wa namna hiyo, akiambiwa na fundi kwamba kiko chombo cha kufungwa chini ya boneti, chenye maji na sahani za chuma, kigeuzacho maji kuwa gesi ya haidrojeni ya kuisaidia petroli, hastahili kulaumiwa kwa kusikiliza. Mimi nami nilisikiliza, nikayatazama mapovu yakipanda ndani ya chupa, na nakiri kwamba yalipendeza. Kilichonitia tashwishi ni kisanduku cha pili, kidogo kama kiberiti, ambacho fundi alisema ni sharti kiungwe katika waya wa kihisi cha oksijeni, kwa kuwa bila hicho kompyuta ya gari haitakubali kupunguza mafuta.

Kihisi hicho, ambacho mafundi wetu hukiita oksijeni sensa, ni kitu cha ukubwa wa plagi kilichokazwa katika bomba la ekzosi. Volvo ndiyo iliyotangulia kuuza magari yenye kihisi hicho, nchini Marekani mwaka 1976, na kihisi chenyewe kilitengenezwa na Bosch ya Ujerumani. Ndani yake mna kauri ya zirikonia iliyopakwa utando mwembamba wa platini, na kauri hiyo, ikiisha kupata joto la digrii 300 na zaidi, huzaa umeme mdogo kwa kadiri ya tofauti iliyopo kati ya oksijeni ya nje na ile iliyosalia katika moshi: petroli ikizidi na oksijeni ikaadimika, umeme hukaribia volti 0.9, petroli ikipungua na oksijeni ikabaki, hushuka karibu na volti 0.1. Kompyuta huusikiliza ushahidi huo bila kupumzika, ikiongeza na kupunguza, ili kila kilo 1 ya petroli ikutane na kilo 14.7 za hewa.

Mizani hiyo iliwekwa kwanza kwa ajili ya mapafu ya watu, jambo ambalo wauzaji wa chombo cha maji hawalitaji. Katalitiki, lile kopo la chuma lililo chini ya gari, hufanya kazi tatu kwa wakati mmoja: humalizia petroli isiyoungua; hugeuza kaboni monoksaidi, hewa isiyo rangi wala harufu ambayo hushikamana na hemoglobini ya damu kwa nguvu izidiyo ile ya oksijeni mara 200 na zaidi; na huzinyang'anya oksaidi za naitrojeni oksijeni yake, zikawa naitrojeni tupu, ambayo tumekuwa tukiivuta tangu kuzaliwa bila dhara. Kazi hii ya tatu hukwama mara moshi unapokuwa na oksijeni ya ziada. Oksaidi hizo zikiponyoka, husumbua njia za pumzi, huamsha pumu kwa watoto na wazee, na zikipigwa na jua husaidia kuzaa ozoni, ambayo nayo huunguza mapafu. Shirika la Afya Duniani liliona uzito wa jambo hili hata mwaka 2021 likakishusha kiwango cha wastani wa mwaka cha dioksaidi ya naitrojeni kutoka mikrogramu 40 hadi 10 katika kila mita ya ujazo ya hewa.

Sasa tulipime dai lenyewe. Kwamba umeme huyavunja maji si uongo. William Nicholson na Anthony Carlisle walilifanya hilo huko London mwaka 1800. Lakini tuchukue chombo kitoacho lita 1 ya gesi kwa dakika. Nishati ya haidrojeni iliyomo ni kama wati 120, ilhali gari linalotumia lita 6 za petroli kwa saa linachoma wati 50,000 na ushei. Ili kuipata gesi hiyo, altaneta hutoa wati zaidi ya 200. Altaneta huzungushwa na injini. Na injini huigeuza kuwa nguvu robo tu ya petroli yake, au theluthi ikiwa njema. Ukihesabu kurudi nyuma, utaona kwamba wati 1,000 hivi za petroli zimetumika kununua wati 120 za haidrojeni, na hakuna mfanyabiashara wa Thika anayeweza kuishi kwa biashara ya namna hiyo.

Wenye chombo hujibu kwamba gesi yao husafisha mwako hata oksijeni nyingi ikasalia katika moshi, kihisi kikadhani petroli imepungua, na kompyuta ikaiongeza pasipo haja. Ndiyo sababu, wasema, kihisi sharti kirekebishwe. Lakini maji yakivunjwa hutoa sehemu 2 za haidrojeni kwa sehemu 1 ya oksijeni, kipimo kile kile kinachohitajika ziungane tena kuwa maji, basi hiyo oksijeni ya ziada itoke wapi? Na lita 1 hiyo inaingia injini ambayo wakati ule inavuta lita 900 hivi za hewa kila dakika.

Insafu yanilazimu kusema kwamba haidrojeni ina sifa yake ya kweli: huwaka upesi, na huiwezesha injini kustahimili mchanganyiko wenye petroli haba. Wahandisi wa NASA waliandika ripoti ya majaribio ya namna hiyo mwaka 1977, na wauzaji hupenda kuitaja. Ila waliyoyapima ni injini iliyolishwa haidrojeni kwa kiasi kikubwa na kwa kipimo maalumu, wala si mapovu ya chupa yaliyotengenezwa kwa umeme wa altaneta hiyo hiyo.

Basi wale wanaoapa kwamba wameona nafuu, wameipata wapi? Baadhi, baada ya kutumia fedha zao, huendesha kwa utaratibu zaidi bila kujijua. Waliobaki wameipata katika kisanduku. Kazi yake ni kuongeza sehemu ya volti juu ya ushahidi wa kihisi, hata kompyuta ikaamini kwamba petroli imezidi, ikaipunguza. Na upungufu huo ungeweza kupatikana pasipo tone la maji. Mchanganyiko ukipunguzwa kidogo namna hiyo, ndipo oksaidi za naitrojeni huzaliwa kwa wingi kuliko wakati wowote, na ndipo katalitiki hushindwa kuzivunja. Ukipunguzwa zaidi, injini huanza kukosa moto, petroli mbichi hutoka na moshi, na kopo la katalitiki likaungua. Dereva akiwa ameketi mbele, moshi wote unabaki kwa abiria wanaongoja magari Ruiru na kwa mama aliyetandaza ndizi kando ya njia, ambao hawakuulizwa.

Aidha magari mengi yana kihisi cha pili nyuma ya katalitiki, na taa ya injini ikiwaka mwenye gari hushauriwa kununua kisanduku kingine cha kukidanganya hicho nacho. Na magari mapya zaidi yana vihisi vinavyosema kwa mkondo wa umeme badala ya volti, ambavyo kisanduku hicho huvivuruga tu. Sitasahau pia kuonya kwamba gesi yenyewe ni haidrojeni iliyokwisha kuchanganywa na oksijeni, ambayo cheche ndogo hutosha kuilipua, na kwamba potashi inayotiwa katika maji huunguza ngozi na macho.

Nasikitika zaidi nikikumbuka kwamba vihisi hivi vilipata nafasi ya kuishi kwetu kwa taabu. Risasi iliyotiwa katika petroli huviua vihisi na katalitiki pamoja, na ilipasa serikali zikutane Dakar mwaka 2001, na nchi za Afrika kusini mwa Sahara ziiache petroli hiyo kufikia mwanzo wa mwaka 2006, ndipo gari la mtumba litokalo Japani liweze kulinda hewa ya Kenya kama lilivyoundwa.

Aliyekwisha kufungiwa kisanduku na amwambie fundi akitoe, aunge waya wa kihisi moja kwa moja kama ulivyokuwa, afute kumbukumbu ya kompyuta, kisha aipashe injini joto na kutazama katika mashine ya kupimia. Kihisi cha zamani kilichochoka husogea kwa uvivu na hupoteza petroli nyingi kuliko chombo chochote kiwezavyo kuokoa. Hicho na kibadilishwe, pamoja na kichujio cha hewa kilichojaa vumbi la murramu, na magurudumu yajazwe upepo wa kutosha. Kihisi kizima kitaonekana kikipanda hadi karibu volti 0.9 na kushuka hadi karibu 0.1, kikapanda tena na kushuka, mara nyingi katika kila sekunde 10.