Injini Ikizimika Angani

Kila ndege inapopita juu ya mji wetu wa Eldoret, hakosi mwenzetu wa kusema eti injini moja ikizimika ndege huanguka papo hapo kama jiwe. La, hasha! Ndege ya abiria yenye injini mbili imeundwa iweze kuruka kwa injini moja. Adui mkubwa zaidi ni pupa.

Je, rubani hufanya nini? Kwanza, huishika ndege isiyumbe, maana injini moja ikifa, nguvu za ile nyingine huisukuma upande. Pili, yeye na msaidizi wake huhakikisha ni injini ipi mbovu kabla ya kuizima. Hapa haraka haraka haina baraka. Tarehe 8 Januari 1989 huko Uingereza, marubani wa ndege iliyotoka London kwenda Belfast walizima injini iliyokuwa nzima, wakabaki na ile mbovu. Wakageuza safari ili watue uwanja wa karibu, lakini kabla ya kufika, ile mbovu nayo ikafa. Kati ya watu 126, 47 walipoteza maisha.

Tatu, huchagua uwanja wa kutua, wenye njia ndefu na wazima moto, hata kama si ule wa safari yao. Kisha huwaarifu walio mnarani ili njia iachwe wazi.

Uwanja wetu, uliofunguliwa mwaka wa 1997, una njia ya karibu kilomita 3.5. Urefu huo si pambo. Tuko zaidi ya mita 2,000 juu ya bahari, hewa ni nyepesi na injini hupungukiwa na nguvu, kwa hivyo ndege hukimbia sana kabla ya kupaa. Uwanja wa Jomo Kenyatta uliposhika moto tarehe 7 Agosti 2013, baadhi ya ndege zilielekezwa huku kwetu.

Lakini injini zote mbili zikifa je? Huko Bahir Dar, Ethiopia, tarehe 15 Septemba 1988, njiwa waliingia katika injini zote mbili ndege ilipokuwa ikipaa. Rubani alijaribu kurudi, asifaulu kufika. Watu 35 kati ya 104 walikufa.

Kumbe njiwa tu! Nao ndege hufuata mabaki ya chakula. Basi wenzangu, tusitupe taka ovyo karibu na uwanja. Rubani ana kazi yake, nasi tuna yetu. Tahadhari kabla ya hatari.