Mtandao Unapokatika, Kinachokatika Ni Nini?

Ukurasa unapokataa kufunguka, wengi huamua mara moja kwamba mtandao haupo, na wengine hukimbilia kununua bando jipya, ilhali kati ya kioo cha simu na kompyuta inayohifadhi ukurasa huo pana hatua nyingi, kila moja ikiwa na kazi yake, jina lake na namna yake ya kuharibika. Istilahi za intaneti humchosha anayeanza kwa sababu mara nyingi hufundishwa kama orodha ya kukariri. Huelezeka kwa urahisi zaidi zikifuatwa kwa mpangilio wa safari ya data yenyewe, kwa kuwa karibu kila istilahi ni jina la mahali ambapo safari hiyo inaweza kukwama.

Safari huanzia kwenye kompyuta, na simu janja ni kompyuta kamili, ingawa wenye nayo hawaiiti hivyo. Ndani yake mna kichakataji, ambacho hutekeleza maagizo. Mna kumbukumbu ya kazi, ambayo wauza simu huiita ramu, inayoshika mambo yanayotumika kwa wakati huo na kuyapoteza yote simu inapozimwa. Na mna hifadhi, ambamo picha, nyimbo na faili nyinginezo hubaki hata simu ikikaa kabatini mwezi mzima. Simu inayouzwa kwa maelezo ya ramu ya GB 4 na hifadhi ya GB 64 imetajiwa vitu viwili tofauti, na ndiyo maana kufuta picha hakusaidii sana simu iliyoelemewa na programu nyingi zilizofunguliwa kwa pamoja. Vifaa hivyo vyote husimamiwa na mfumo endeshi, kama vile Android au Windows, na juu ya mfumo huo ndipo hukaa programu za kawaida, zile ambazo kwenye simu zimezoeleka kwa jina la apu.

Chochote kompyuta inachohifadhi au kutuma, kiwe barua, wimbo au picha ya harusi, huandikwa kwa tarakimu mbili tu, 0 na 1. Tarakimu moja ya aina hiyo ni biti, na biti 8 hufanya baiti 1. Kiswahili kina nafuu hapa: kwa kuwa hati ya Kilatini inayotumiwa kukiandika haina herufi zenye alama za ziada, kila herufi huchukua baiti 1, ilhali Kiswahili kilichoandikwa kwa herufi za Kiarabu huchukua baiti 2 kwa kila herufi katika mfumo wa usimbaji wa maandishi unaotumika zaidi kwenye intaneti. Ukurasa wa kitabu wenye herufi 2,000, nafasi zikiwemo, ni kilobaiti 2 tu, na picha moja ya simu yenye megabaiti 3 ina uzito wa kurasa 1,500 za namna hiyo. Anayeshangaa kwa nini bando lake limekwisha bila ya yeye kusoma mengi ana jibu lake katika hesabu hiyo.

Jambo jingine linalowapotosha wanunuzi ni kwamba ukubwa wa bando hutajwa kwa baiti, lakini kasi hutajwa kwa biti. Herufi kubwa B husimama kwa baiti na herufi ndogo b kwa biti, kwa hiyo huduma inayotangazwa kuwa na kasi ya Mbps 8 huleta megabaiti 1 kwa sekunde, wala si 8, na faili la gigabaiti 1 litapakuliwa kwa takriban dakika 17 hata kasi hiyo isipopungua kabisa. Kupungua hupungua, kwa sababu kasi inayotangazwa mara nyingi ni ya juu kabisa, nayo hugawanywa kwa wote wanaotumia mnara mmoja.

Mnara ndio hatua ya kwanza nje ya simu. Vistari vinavyoonekana juu ya kioo hupima nguvu ya mawimbi ya redio kati ya simu na mnara ulio karibu, na havisemi lolote kuhusu yanayotokea zaidi ya hapo. Wi-Fi ni vivyo hivyo. Hayo nayo ni mawimbi ya redio ya masafa mafupi yanayoiunganisha simu na ruta, yaani kifaa kinachopokea data na kuielekeza njia yake, na alama kamili ya Wi-Fi inaweza kuonekana katika nyumba ambayo waya unaoingia umekatwa na mchimba mtaro tangu asubuhi. Mtu anayesema kwamba mtandao umejaa lakini intaneti haifanyi kazi anasema jambo sahihi kabisa, maana anazungumzia sehemu mbili tofauti za njia moja.

Intaneti ni muungano wa mitandao mingi ya kompyuta, ya makampuni, vyuo na serikali, iliyokubali kuzungumza kwa kanuni zilezile. Kanuni za mazungumzo ya namna hiyo huitwa itifaki. Ile iliyo msingi wa intaneti ya leo ilichapishwa mwaka 1974 na Wamarekani wawili, Vinton Cerf na Robert Kahn, na tarehe 1 Januari 1983 ikaanza kutumika rasmi katika ARPANET, mtandao wa utafiti uliogharamiwa na wizara ya ulinzi ya Marekani. Kazi yake ni kukata data vipande vidogo viitwavyo pakiti, ambavyo kwa kawaida havizidi baiti 1,500 kimoja, na kuviacha vipite njia yoyote iliyo wazi. Ni kama shehena ya mahindi iliyotiwa katika magunia yenye namba na kupakiwa katika malori mbalimbali, kisha mpokeaji huyapanga magunia upya kwa namba zake na kudai lisilofika. Picha iliyotajwa hapo juu husafiri kwa pakiti 2,000 au zaidi, na iwapo chache zitapotea njiani, zitaombwa tena bila ya mtumiaji kujua.

Ili pakiti ifike, lazima ijue inakokwenda, na hapo ndipo anwani ya IP inapohitajika. Anwani za toleo la 4, ambalo bado linatumika sana, ni namba nne zilizotenganishwa kwa nukta, kila moja ikiwa kati ya 0 na 255, na jumla yake haizidi takriban bilioni 4.3, idadi iliyo chini ya ile ya binadamu walioko duniani. Akiba kuu ya anwani hizo iligawiwa yote kufikia Februari 2011, na ingawa toleo la 6 lina anwani nyingi kiasi cha kutoisha, kuhamia huko kumekwenda kwa kusuasua. Kwa sababu hiyo kampuni nyingi za simu huwatoa wateja wengi nje kwa anwani moja ya pamoja. Matokeo yake huonekana pale mtu asiye na kosa lolote anapoambiwa na tovuti athibitishe kwamba yeye si roboti, kwa kuwa mwingine anayetumia anwani hiyohiyo ameitia tovuti hiyo shaka.

Binadamu hawakumbuki namba vizuri, na kwa ajili yao Paul Mockapetris alibuni mwaka 1983 mfumo wa majina ya vikoa, unaojulikana kwa kifupi chake cha DNS. Mtu anapoandika udsm.ac.tz, simu yake haijui pa kwenda mpaka iulize kompyuta maalumu inayotafsiri jina hilo kuwa anwani ya IP. Jina la kikoa husomwa kutoka kulia: tz ni Tanzania, kama vile ke ilivyo Kenya na ug ilivyo Uganda, ac ni taasisi ya elimu ya juu, na udsm ni Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Utaratibu huu wa kusoma kinyumenyume una faida kubwa kwa usalama kuliko wengi wanavyodhani, kwa sababu tapeli anaweza kuliweka jina la benki maarufu mwanzoni mwa anwani ndefu, lakini mwenye tovuti ni yule ambaye jina lake liko upande wa kulia, kabla ya mkwaju (/) wa kwanza unaofuata jina la kikoa. Alama ya kufuli kando ya anwani haimlindi asiyejua hilo. Kufuli humaanisha tu kwamba data inasimbwa njiani ili asiisome mwingine, na kwamba anayezungumzwa naye ndiye mwenye kikoa kilichoandikwa. Kama mwenye kikoa ni tapeli, basi mazungumzo na tapeli yatakuwa ya siri.

DNS ikiharibika, dalili zake ni za ajabu kidogo: kurasa zote hukataa kufunguka, na kivinjari, yaani programu ya kufungulia kurasa, huandika kwamba jina halikupatikana, ilhali simu ya WhatsApp iliyokuwa inaendelea haikatiki. Njia iko wazi, ila hakuna wa kutaja namba ya nyumba.

Sehemu ya safari inayofahamika kidogo kuliko zote ndiyo iliyo ndefu kuliko zote, nayo iko sakafuni mwa Bahari ya Hindi. Kabla ya 2009, Afrika Mashariki haikuwa na mkongo wa baharini, yaani waya wa data unaolazwa chini ya bahari, wa kuiunganisha na dunia na ilitegemea setilaiti zilizoko kilomita 35,786 juu ya ikweta, umbali uliofanya ombi na jibu lake vichukue takriban nusu sekunde hata kama kila kitu kingine kingekuwa cha haraka. Muda huo wa kusubiri una istilahi yake, ucheleweshaji, na hautibiwi kwa kununua kasi kubwa zaidi. Mwaka 2009 ilifika mikongo miwili, SEACOM, iliyotua Mombasa na Dar es Salaam miongoni mwa bandari nyingine, na TEAMS, inayotoka Mombasa hadi Fujairah katika Umoja wa Falme za Kiarabu. Mwaka 2010 ikafuata EASSy, yenye urefu wa takriban kilomita 10,000 kutoka Afrika Kusini hadi Sudan. Ndani ya mikongo hiyo mwanga hupita katika nyuzi za kioo kwa mwendo wa takriban kilomita 200,000 kwa sekunde, kwa hiyo ombi huweza kufika Ulaya na jibu kurudi kwa muda wa karibu sehemu moja ya kumi ya sekunde, au zaidi kidogo.

Mikongo hukatika. Februari 2012 meli iliyotia nanga mahali pasiporuhusiwa nje ya Mombasa iliikata TEAMS, na tarehe 12 Mei 2024 EASSy na SEACOM zilikatika kwa pamoja karibu na pwani ya Afrika Kusini, Tanzania ikiwa miongoni mwa nchi zilizoathirika zaidi. Siku kama hizo ruta hutafuta njia mbadala zenyewe, na njia hizo zikielemewa, intaneti hupungua kasi kwa wote badala ya kuzimika moja kwa moja. Lakini mara nyingi tovuti za ndani ya nchi huendelea kufunguka vizuri, na sababu yake ni kituo cha kubadilishana data, mahali ambapo kampuni za intaneti huunganisha mitandao yao kwa waya mfupi. Nairobi ilipata chake, KIXP, mwishoni mwa 2000. Kabla yake barua pepe kutoka ofisi moja ya Nairobi kwenda nyingine yenye mtoa huduma tofauti ililazimika kupitia ng'ambo kwa setilaiti, na ni jambo la kusikitisha kwamba kituo hicho kilifungwa muda mfupi baadaye, baada ya kampuni ya simu iliyohodhi mawasiliano ya nje kulalamika kwa mdhibiti, kikaja kufunguliwa tena mwaka 2002. Cha Dar es Salaam, TIX, kilifuata miaka michache baadaye.

Baada ya njia kuna kile kinachoendewa. Wavuti, ambao wengi huuchukua kuwa ndio intaneti, ni huduma moja tu inayopita juu yake, pamoja na barua pepe, simu za video na nyinginezo. Uliasisiwa na Mwingereza Tim Berners-Lee mwaka 1989 katika maabara ya CERN karibu na Geneva, miaka 20 baada ya kompyuta za kwanza za ARPANET kuunganishwa, na mwezi Aprili 1993 CERN ikauachia umma bila malipo. Umbo lake ni kurasa zilizofungamanishwa kwa viungo, na kurasa zinazokaa chini ya kikoa kimoja huitwa tovuti. Kompyuta inayozihifadhi na kuzitoa kwa kila anayeziomba ni seva, nayo huwa haizimwi usiku wala mchana. Wingu, ambalo matangazo hulizungumzia kana kwamba data huelea hewani, ni seva za mtu mwingine zilizokodishwa, zikiwa katika jengo lenye umeme wa akiba, mitambo ya kupooza na walinzi mlangoni.

Seva hujibu kila ombi kwa namba ya tarakimu tatu, ambayo mtumiaji huiona tu mambo yanapokwenda kombo. Namba inayoanza na 4 husema kwamba kasoro iko katika ombi: 404, iliyo maarufu kuliko zote, humaanisha kwamba ukurasa ulioombwa haupo, pengine kwa sababu umehamishwa au anwani imekosewa herufi moja. Inayoanza na 5 husema kwamba kasoro iko kwa seva. Siku yanapotangazwa matokeo ya mitihani ya taifa, watahiniwa na wazazi wengi hufungua ukurasa uleule katika dakika zilezile, na wengi wao huishia kuona 503, ambayo ni kauli ya seva kwamba imeelemewa kwa sasa. Namba hizo zote mbili ni ushahidi kwamba bando lipo, mnara unafanya kazi, jina limetafsiriwa na njia iko wazi, kwa kuwa jibu, hata likiwa la kukataa, limesafiri njia yote kwenda na kurudi. Kwa 404 dawa ni kuikagua anwani. Kwa 503 ni kusubiri, na kila anayebonyeza kitufe cha kufungua upya kila sekunde huiongezea seva ileile ombi jingine la kujibu.